Gari la kilomita laki tano si takataka

Najua nimepotea. Kazi ya ofisini imenibana, na kila nikifika nyumbani Jericho jioni sitaki tena kuona kibodi. Leo nimerudi, lakini si kwa habari za Linux wala simu mpya. Leo naandika kuhusu gari kuukuu la dizeli. Msikimbie! Mkivumilia hadi mwisho mtaona kwamba ni ule ubishi wetu wa kila siku wa watengenezaji programu, ila huu una mafuta na moshi.

Niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kukasirika akasirike sasa hivi. Ule usemi kwamba "gari likizidi kilomita laki tatu, uza" ni uongo. Na ule mwingine kwamba "matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari, achana nalo" ni uongo mbaya zaidi, kwa sababu umevalishwa suti ya hesabu na watu wazima wanauamini.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba alinunua Toyota HiAce mwaka 2009. Ilitengenezwa 2002, na iliingia nchini ikiwa na miaka saba, yaani mwaka mmoja tu kabla ya kugonga ile sheria yetu inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka minane. Injini yake ni ile inayoitwa 5L: dizeli ya silinda nne, cc 2986, haina tabo, na hii yetu pampu yake ni ya mekanika tupu. Haina kompyuta ya injini. Narudia kwa faida ya wanatarakilishi wenzangu: haina kompyuta ya injini. Kazi yake ni kubeba mizigo ya akina mama wa soko. Alfajiri inatoka Jericho, inashika Jogoo Road hadi Marikiti au Gikomba, inarudi na viazi, vitunguu na marobota ya mitumba. Mwisho wa wiki inakodishwa kwa harusi na mazishi. Mimi na kaka yangu tumelipiwa karo na gari hilo. Digrii yangu ya sayansi ya kompyuta imetoka kwenye gunia la viazi.

Mwaka jana mita yake ilisoma kilomita 487,000, na gari likaanza kuugua. Asubuhi lilikuwa gumu kuwaka, na likiwaka linatoa moshi mweupe mtaa mzima unakohoa. Maji ya rediata yalikuwa yanapungua bila kuonekana yanakovuja. Likipanda mlima na mzigo, sindano ya joto inapanda nalo. Usiku mmoja likamzimikia kaka yangu Jogoo Road, mzigo wa watu umo ndani, saa tano. Alikaa pale hadi saa nane akingoja wa kumvuta.

Kesho yake kaka akaitisha kikao cha familia, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na karatasi ya muuzaji magari: gari jipya (yaani mtumba mwingine, tusidanganyane), dizeli ya kisasa ya komoni reli, bei milioni 2.2. Tutoe laki sita taslimu, na milioni 1.6 iwe mkopo wa miezi thelathini na sita, shilingi 62,000 kila mwezi. Dhamana? Hati ya shamba la Mama kule nyumbani mashambani.

Hapo ndipo nilipoamka kwenye kiti.

Sitaki mdhani kaka yangu ni mjinga. Yeye ndiye dereva. Mimi nakaa kwenye kiti kinachozunguka, ofisi ina kahawa. Yeye ndiye aliyekaa gizani na mzigo usio wake, akiangalia kila kivuli kinachopita. Mtu wa namna hiyo akisema "nimechoka na gari hili," unamsikiliza. Lakini kuchoka ni jambo moja, na kuweka shamba la Mama rehani ni jambo lingine. Nikaomba wiki mbili. Baba hakusema kitu, akanitupia tu funguo.

Mafundi watatu, majibu matatu, na hakuna aliyepima

Fundi wa kwanza alisikiliza injini kama daktari asiye na kipimo, akasema inataka ovahoo nzima: pistoni, ringi, beringi, kila kitu. Shilingi 220,000. Wa pili akasema ovahoo ni kupoteza muda, tutafute injini kamili iliyotoka Japani, 320,000 pamoja na kufunga. Wa tatu akacheka akasema, "Kijana, mwambie mzee auze, hii imeshakula chumvi."

Watatu wote walikuwa na uzoefu mrefu kuliko umri wangu. Na hakuna hata mmoja aliyetoa chombo mfukoni akapima chochote.

Ndugu zangu mnaoandika programu, si mmeliona hili? Mteja anasema mfumo ni mzito. Mtaalamu wa kwanza anasema ununuliwe seva kubwa zaidi. Wa pili anasema mfumo wote uandikwe upya kwa lugha mpya. Wa tatu anasema nunueni mfumo mwingine kabisa. Hakuna aliyefungua faili la kumbukumbu akasoma hitilafu iko mstari gani. Sisi tukifanyiwa hivyo tunapiga kelele. Kwa nini tunakubali kwenye gari?

Wa nne nilimpata kando ya Rabai Road, mzee mmoja asiye na bango. Yeye hakusema kitu kwanza. Alifungua plagi za hita, akafunga geji ya kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, akaniambia nizungushe stata. Akaandika kwa chaki kwenye boneti: 410, 400, 405, 290. Hizo ni psi. Silinda tatu ni nzima kwa injini ya umri ule. Ya nne inaumwa.

Kisha akafanya kitu ambacho nimekihusudu hadi leo. Alichukua mafuta ya injini, kijiko kidogo tu, akayamimina kwenye silinda ya nne, akapima tena. Maana yake ni hii: kama hewa inapotelea kwenye ringi za pistoni, yale mafuta yataziba upenyo kwa muda na geji itapanda. Kama haipandi, hewa inatokea kwingine, kwenye vali au kwenye gasketi ya hedi. (Msijaribu kumimina mengi. Dizeli ina nafasi finyu sana juu ya pistoni, na mafuta hayagandamiziki. Mnaweza kupinda kitu.) Geji ilisoma 295. Haikupanda. Basi ringi ni nzima, na ovahoo ya 220,000 imekufa hapo hapo kwa kijiko kimoja cha mafuta.

Mwisho akafungua kifuniko cha rediata injini ikiwa bado baridi, akaiwasha. Mapovu. Hewa ya silinda ilikuwa inaingia kwenye maji. Gasketi ya hedi imeungua. Hiyo ndiyo siri ya maji kupotea, moshi mweupe, na joto kupanda.

Tulipofungua hedi tulikuta alivyosema: gasketi imeliwa kati ya silinda ya nne na njia ya maji, hedi imepinda kidogo, na vali moja ya kutolea moshi imeanza kuungua. Nikauliza kwa nini. Mzee akanionyesha rediata. Ndani ilikuwa imeziba kwa kutu na chokaa, kwa sababu miaka nenda rudi tumekuwa tukijaza maji ya mfereji badala ya kulenti. Kosa ni letu wenyewe. Si la gari, si la kilomita.

Sasa angalia hatari tuliyoponea. Kama tungenunua ile injini ya 320,000 tukaifunga kwenye rediata ileile, ingepika vilevile. Tungekuwa na injini mbili zilizoungua, na watu wangesema "unaona, haya magari ya zamani!" Ukibadilisha sehemu bila kujua chanzo, umeuhamisha ugonjwa tu.

Hesabu, na hapa ndipo ninapotaka kugombana

Matengenezo yote yaligharimu hivi:

Hedi: kusawazishwa, vali, gasketi na kazi ya fundi, 52,000.
Nozo nne na kurekebishwa pampu, 34,000.
Rediata mpya na hozi zake, 14,000.
Mkanda wa taimingi na tenshona yake, 9,000.
Breki na bushi za mbele, 9,000.
Jumla 118,000.

Jirani mmoja aliposikia akashika kichwa. "Gari lenyewe ukiliuza leo hupati zaidi ya laki nne! Umeweka zaidi ya robo ya bei yake kwenye chuma kikuukuu!"

Hapo ndipo watu wengi wanapopotelea. Bei ya gari sokoni ni swali la mtu anayeuza. Sisi hatuuzi, sisi tunabeba viazi. Swali letu ni moja: kuanzia leo kwenda mbele, kila kilomita ya kazi itatugharimu shilingi ngapi kwa njia hii, na ngapi kwa njia ile? Pesa zilizokwisha kutumika, za njia yoyote, hazimo kwenye swali. Hata yule anayesema "nimeshatia pesa nyingi mno kwenye gari hili, siwezi kuliacha" amepotea vilevile. Zilizokwenda zimekwenda.

Nikakaa na lahajedwali. Mama ana daftari. Kila shilingi iliyoingia kwenye gari imeandikwa humo kwa kalamu. (Wengi wetu wenye digrii hatuna kumbukumbu kama hizo za seva zetu, tuone haya.) Kwa miaka minne iliyopita matengenezo ya kawaida yalikuwa wastani wa 180,000 kwa mwaka, bila mafuta. Gari linatembea kilomita 30,000 kwa mwaka. Nikapiga hesabu ya miaka mitatu, urefu wa ule mkopo, kilomita 90,000.

Njia ya kwanza, kutengeneza. Matengenezo ya sasa 118,000. Matengenezo ya kila mwaka mara tatu, 540,000. Bima ndogo ya miaka mitatu, 36,000. Baada ya kutengenezwa nimelipa gari thamani ya 550,000, na kwa miaka mitatu nimekubali lishuke hadi 400,000, kwa hiyo hasara 150,000. Nikaongeza 200,000 za akiba kana kwamba injini lazima itakufa kabla ya muda huo kwisha. Nikaongeza na siku kumi za kukaa gereji kila mwaka zaidi ya gari jipya, kwa 4,000 kila siku, yaani 120,000. Jumla 1,164,000. Kama shilingi 13 kwa kilomita.

Njia ya pili, mkopo. Laki sita za mwanzo na miezi 36 ya 62,000, jumla 2,832,000. Tuseme mwisho wa miaka mitatu tunaliuza milioni 1.4, hasara ni 1,432,000. Bima kubwa, kwa sababu mwenye mkopo hakubali ndogo, 264,000. Sevisi 210,000. Toa mafuta tutakayookoa: gari letu linakwenda kilomita 9 kwa lita, lile jipya nililipa 11, na kwa dizeli ya shilingi 170 tunaokoa kama 309,000. Jumla 1,597,000. Karibu shilingi 18 kwa kilomita.

Tofauti ni 433,000. Na tazameni nilivyolipendelea gari jipya: nimeliua letu injini, nimelilaza gereji siku thelathini, na lile jipya nimelipa miaka mitatu bila kuharibika hata nozo moja. Bado limeshindwa. Na bado sijaweka kwenye hesabu kitu kikubwa kuliko vyote, ambacho hakina safu kwenye lahajedwali: kama kazi ikilala miezi miwili, gari letu linakaa nje bila kudai kitu. Lile lingine lingedai 62,000 mwisho wa kila mwezi, na likikosa, lingedai shamba.

"Lakini lile jipya ni jipya"

Si jipya. Ni kuukuu la mtu usiyemjua. Gari letu najua tarehe ya kila oili iliyobadilishwa. Lile la kwenye karatasi lilikuwa na mita inayosoma kilomita 96,000 na kiti cha dereva kilichochakaa kama cha matatu. Mimi naandika programu, basi niwaambie: mita ya kidijitali ni namba iliyohifadhiwa kwenye kumbukumbu ya chombo kidogo nyuma ya dashibodi. Mwenye kompyuta ndogo na waya unaofaa anaiandika upya upesi kuliko unavyopika chai. Ukinunua gari lililotoka Japani, dai cheti cha kufutiwa usajili kule. Kwa kawaida huandikwa kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Muuzaji wetu alisema cheti "kimepotea ofisini." Haya.

Na ushuru nao umekwenda juu. Mwaka 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari kutoka asilimia 25 hadi 35, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Kwa hiyo sehemu kubwa ya zile milioni 2.2 haikununua chuma. Ilinunua stakabadhi.

Halafu tuje kwenye komoni reli yenyewe. Ni uhandisi mzuri, sibishi. Mafuta yanasukumwa kwa zaidi ya baa 1,600, kompyuta inaamua kila tone, injini inanguruma kwa upole na inakunywa kidogo. Lakini kwa shinikizo hilo uchafu mdogo tu kwenye dizeli unakula injekta. Sisi ndio nchi ambayo mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya kwenye dizeli! Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli inavyolainisha. Tangu Januari 2015 dizeli yetu ya halali ina salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ni hatua kubwa, lakini haikulindi na jerikeni la mjanja.

Na injekta hizo zikifa, injini nyingi za namna hiyo zinataka kila injekta mpya isajiliwe kwenye kompyuta ya gari kwa namba yake, kwa programu ya mtengenezaji. Mzee wa Rabai Road na geji yake hawezi. Sisi tunaopenda programu huria tunalijua jambo hili kwa jina lake. Msimbo umefungwa, na ruhusa ya kurekebisha kitu chako iko mikononi mwa mtu mwingine. Gari letu ni chombo huria. Fundi yeyote kutoka Kariobangi hadi Kirinyaga Road anaweza kulisoma, na spea zake ziko dukani leo.

Mwaka 2000 Joel Spolsky aliandika makala ambayo kila mwandika programu anapaswa kuisoma, kuhusu kampuni ya Netscape kuamua kutupa msimbo wake wa zamani na kuandika kivinjari upya kutoka sifuri. Toleo la tano halikutoka kabisa. Walipotoka na la sita mwishoni mwa mwaka huohuo, Internet Explorer ilikuwa imeshachukua uwanja. Hoja yake ni kwamba ule msimbo mkongwe unaoonekana mchafu una ndani yake hitilafu elfu zilizokwisha kurekebishwa, na ukiutupa unatupa yale marekebisho. Gari la kilomita 487,000 ni hivyohivyo. Kila kilichokuwa dhaifu kwenye gari hilo kimeshavunjika na kubadilishwa.

Sasa wenye haki ya kunipinga

Wapo, na niwape nafasi. La kwanza ni moshi. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani. Watoto wanaocheza mpira Camp Toyoyo wanavuta tunachotoa. Hoja hii siichezei. Lakini moshi ni ujumbe, usome. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: angalia chujio la hewa, nozo, pampu. Wa buluu ni oili inaungua. Mweupe usioisha injini ikipata moto ni maji au dizeli isiyoungua. Baada ya nozo na gasketi, letu halitoi moshi wa kuonekana likishapata joto. Halijawa safi kama la kisasa, nakubali. Ila nimeona ya kisasa mengi ambayo chujio lake la masizi lilikatwa na kutupwa lilipoziba, nayo hayana tofauti na letu.

La pili ni usalama, na hapa sina ubishi. Chesisi ikiwa imeoza au imepasuka, uza chuma kwa kilo. Bloku ikipasuka, acha. Spea zikiwa za kusubiri miezi, acha. Breki usizipigie hesabu hata siku moja, tengeneza. Na kama gari linabeba wanafunzi au abiria usiku barabara kuu, kizingiti chako kiwe juu zaidi ya changu cha kubeba vitunguu. Mzee alilitazama chini kwa tochi na nyundo kabla hatujafungua hata bolti moja. Angelikuta limeoza, makala hii ingekuwa tofauti.

La tatu ni la kaka yangu: hofu. Hilo lahajedwali halikulijibu, na nilikosea kudhani litalijibu. Alichotaka ni kulala usingizi. Basi tukakubaliana mambo mawili. Kwanza, gari likifika saa moja jioni liwe limeegeshwa, hata kama kuna mteja. Pili, kila mwezi tunaweka 25,000 kwenye Sacco, mimi nikitoa nusu. Ni kama kulipa mkopo, ila tunajilipa wenyewe.

Mabasi ya umeme yalianza kujaribiwa Nairobi mwaka 2022, na umeme wetu mwingi hutoka kwenye jotoardhi, maji na upepo. Sijui gari la mizigo la umeme la bei yetu litafika lini, lakini kwa nini nijifunge miaka mitatu kwenye dizeli nyingine leo? Uamuzi mkubwa unaoweza kusubiri bila hasara, usubirishe. Matengenezo ya 118,000 yamenunua muda huo.

Sasa imepita miezi minane na kilomita 20,000. Wiki jana nilimrudia mzee tukapima: 405, 400, 400, 395. Rediata ina kulenti. Limeharibika mara moja tu, stata, pale Gikomba mchana kweupe, 6,500. Kwenye Sacco kuna 200,000. Hati ya shamba iko sandukuni kwa Mama, na kaka bado anasema gari ni kuukuu. Ni kweli, ni kuukuu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye dizeli iliyochoka, kabla hujasaini kitu: pima kompresheni, tafuta chanzo, hesabu kwa kilomita kwenda mbele, kagua chesisi. Fundi akikataa kupima, tafuta mwingine. Mwenye mkopo akikuharakisha, ondoka.

Lahajedwali langu nitaliweka hapa nikishalisafisha, mbadilishe namba zangu kwa zenu. Kama namba zenu zinasema nunua, nunueni, sitanuna :-) Karibuni tubishane hapo chini. Kaka yangu anasoma, msimtukane.